Mawazo Mengi na Benchi Chini ya Mti



Mtu akiulizwa habari za jirani yake aliyekonda na kunyamaza, aghalabu hujibu kwa maneno mawili tu: "Ana mawazo." Hasemi kwamba jirani huyo ni mgonjwa, wala hasemi kwamba ameingiwa na wazimu. Kila binadamu ana mawazo, na mwalimu hulipwa mshahara kwa sababu anayo. Hata hivyo msikilizaji huelewa mara moja kwamba yanayotajwa hapo ni yale yasiyo na mwisho, yanayomwamsha mtu saa nane za usiku na kumzungusha mahali pamoja kama ngamia wa kinu cha mafuta, ambaye hutembea kutwa nzima na jioni yupo pale pale. Washona wa Zimbabwe huiita hali hiyo kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi. Lugha hizi mbili ni ndugu, na zimeliona jambo moja.

Huko Zimbabwe ndiko kulikotokea kisa kinachostahili kujulikana katika kila ofisi ya walimu. Mwaka 2005 daktari wa maradhi ya akili mjini Harare, Dixon Chibanda, alimpoteza mgonjwa wake mmoja kijana, ambaye alijiua. Mgonjwa huyo alitakiwa aletwe hospitalini. Hakuletwa, kwa sababu familia yake ilikosa nauli ya basi. Nchi nzima, yenye watu zaidi ya milioni kumi, ilikuwa na madaktari wa akili wa kuhesabika kwa vidole, na wagonjwa wengine wengi walikuwa mbali na hospitali kama kijana yule. Chibanda hakupewa jengo wala wauguzi. Alichopata mwaka 2006, katika mtaa wa Mbare, ni akina bibi 14 waliokuwa wahudumu wa afya wa kujitolea, pamoja na nafasi ya kukaa nje ya zahanati. Basi likawekwa benchi la mbao uwanjani, na bibi akaketi kumngoja mwenye shida.

Mwanzoni liliitwa benchi la afya ya akili, na watu wakalikwepa. Nani angependa kuonekana na mtaa mzima amekaa juu ya benchi lenye jina kama hilo? Akina bibi ndio walioshauri jina libadilishwe, likawa benchi la urafiki, na watu wakaanza kuja. Jambo hili lisidharauliwe. Nchini Tanzania jina la Mirembe, hospitali ya Dodoma ambayo imewatibu watu wengi, limegeuzwa kuwa tusi la vijiweni, na mtu aliyelisikia tusi hilo tangu utotoni si rahisi apige hodi pale siku anapohitaji msaada.

Akina bibi hawatoi vidonge. Humuuliza mgeni maswali machache juu ya usingizi, machozi, uchovu na mengineyo, kisha humsikiliza. Kazi yenyewe huenda kwa hatua tatu ambazo kwa Kiswahili zaweza kuitwa kufungua akili, kuinua na kuimarisha. Mgeni hueleza shida zake zote. Katika hizo huchagua moja. Hutafuta la kufanya juu ya hiyo moja. Huenda kulijaribu, kisha hurudi kueleza lilivyokwenda. Vikao havizidi sita. Mwaka 2016 matokeo ya uchunguzi uliofanywa juu ya wagonjwa 573 katika zahanati 24 za Harare yalitangazwa katika jarida la madaktari wa Marekani. Baada ya miezi sita, karibu nusu ya waliopata huduma ya kawaida bado walikuwa na dalili za huzuni nzito. Kwa wale wa benchi, walikuwa kiasi cha watu 14 katika kila 100. Tangu hapo mabenchi hayo yamevuka mipaka, yakafika Malawi na Zanzibar.

Sasa na achukuliwe mwalimu mmoja kwa mfano. Amehamishiwa kituo cha mbali, na mkewe amebaki mjini na watoto. Darasa lake lina wanafunzi zaidi ya 100, na madaftari yasiyosahihishwa yamerundikana mezani. Mshahara wake hukatwa mkopo wa benki, na juu ya huo amechukua mwingine kwa wale wakopeshaji ambao wananchi wenyewe wamewapa jina la kausha damu. Wenzake wakimuuliza hali, hujibu kwamba yuko salama. Usiku huyapanga yote hayo kichwani, akianza na deni, akapita kwa mke, akafika kwa madaftari, akarudi tena kwa deni mpaka adhana ya alfajiri.

Kichwani shida hazikai moja moja, zimefungwa fundo. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni karatasi na kalamu, kila shida na mstari wake. Kisha achague moja, na hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa kuwa huchagua iliyo kubwa kuliko zote. Yafaa achague inayoweza kuguswa katika juma hilo hilo. Barua ya kuomba uhamisho aiandike na kuipeleka, lakini jibu lake haliko mikononi mwake, basi asilikeshee. Deni linaweza kuguswa. Huenda akagundua kwamba kwa miezi mingi ameogopa hata kulijumlisha. Hatua yake ya kwanza, basi, isiwe kulipa, iwe kujumlisha. Jumamosi saa nne asubuhi aketi na stakabadhi zake zote, aandike anadaiwa na nani, kiasi gani, kwa riba gani, na lini. Jumla yaweza kuwa kubwa kuliko alivyotarajia. Hata hivyo deni lenye tarakimu hupangiwa miezi ya kulipwa, na deni lisilo na tarakimu humlaza mtu macho wazi. Hatua ya pili ni kumweleza mkewe, na huenda hiyo ikawa ngumu kuliko ya kwanza.

Kuna kosa jingine lililoenea. Mwenye huzuni huacha kwaya, huacha mpira, huacha bustani yake, akisema kwamba atarudi akipata nafuu. Wataalamu wameona kwamba mpangilio huo umekwenda kinyume. Katika miaka ya 1970 Peter Lewinsohn wa Marekani alieleza kwamba mtu anapoacha shughuli zilizokuwa zikimpa furaha au heshima, huzuni huongezeka. Na huzuni inapoongezeka, huacha nyingine zaidi. Mwaka 1996 Neil Jacobson na wenzake, huko Seattle, walilinganisha tiba kamili ya mazungumzo na sehemu yake moja tu, ile ya kumrudisha mgonjwa katika shughuli zake za kila siku. Sehemu hiyo moja ilifaa sawa na tiba nzima. Yaani mtu asiingoje hamu ndipo atende. Atende, na hamu itamfuata polepole nyuma. Mwanakwaya aende mazoezini hata kama ataketi nyuma bila kuimba. Aliyeacha bustani apande tuta moja la mchicha, ambao huchumwa baada ya majuma machache, nao humpa sababu ya kutoka nje asubuhi na ndoo. La muhimu ni kwamba shughuli iandikiwe siku na saa, kama kipindi cha shule, isiachiwe kutegemea moyo ulivyoamka siku hiyo.

Juu ya usingizi maneno si mengi: kuamka saa ile ile kila siku, hata Jumapili, kuiweka simu mbali na kitanda, kuacha kahawa na chai nzito tangu alasiri. Kifua kikibana, kuvuta pumzi taratibu na kuitoa kwa muda mrefu kuliko ilivyovutwa, kwa dakika chache, hupunguza mbio za moyo. Lakini juu ya pombe hapana budi kusema zaidi, kwa sababu ndiyo dawa inayouzwa karibu na kila kituo cha kazi. Ni kweli kwamba humlaza mtu upesi. Hata hivyo nusu ya pili ya usiku huuvunja usingizi ule ule iliouleta, na asubuhi mtu huamka na huzuni ya jana, uchovu wa leo, na mfuko uliopungua.

Hizi zote ni njia za nyumbani, nazo zina mpaka. Huzuni ikidumu majuma mawili au zaidi karibu kila siku, mtu akashindwa kula, kulala au kufundisha, hiyo huitwa sonona, na mahali pake ni hospitalini, ambako pia atapimwa upungufu wa damu na maradhi ya tezi ya shingo, maana nayo huchosha mwili na kuukunja moyo. Akitamka kwamba ni heri afe, asiachwe peke yake, na apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo. Wengi huogopa kumuuliza waziwazi kama anafikiria kujiua, wakidhani watamtia wazo hilo. Kumuuliza hakumtii wazo. Aghalabu humpunguzia mzigo.

Isifikiriwe, hata hivyo, kwamba pumzi na karatasi ni badala ya madarasa na walimu wa kutosha. Mkuu wa shule anayemwambia mwalimu "jikaze" huku akimwongezea vipindi hajamsaidia, na ofisi inayochelewesha malipo ya uhamisho imo katika orodha ya shida za mtumishi, itake isitake.

Kuhusu mtu wa kuketi benchini, Harare ilionyesha kwamba si lazima awe na shahada. Wale akina bibi walichaguliwa kwa kuwa walikuwapo tayari, walifahamika mtaani, na hawakutazamiwa kuhama. Karibu na shule nyingi anaishi mwalimu mstaafu wa namna hiyo, ambaye aliwahi kupangwa vituo vya mbali, aliwahi kudaiwa, na sasa ana muda. Kivuli cha mwembe kipo uwanjani. Mkuu wa shule anaweza kumwalika aje mara moja kwa juma, saa za mapumziko, na kumtambulisha kwa walimu wageni wa kituo kwa jina lake tu, bila kutaja afya ya akili.