NANI AULIZWE JUU YA NGUO YA KAZI?

Hotuba iliyosomwa na mwanachama mwenzetu mbele ya mkutano wa wafanyakazi



Nimeombwa niseme maneno machache juu ya jambo ambalo wengine hulicheka, nalo ni ugomvi wa nguo za kazini. Husemwa: "Wenzenu wanadai mishahara, ninyi mwagombania suruali!" Asemaye hivyo amesahau tulikotoka. Wazee wetu waliotumika katika nyumba za wakoloni walivishwa kanzu nyeupe na tarbushi nyekundu, wakaitwa "boi" hata mvi zilipowajaa kichwani. Kanzu haikuwa na kosa. Ni vazi letu la heshima, twalivaa msikitini na harusini. Kosa ni kwamba yule aliyevaa hakuulizwa.

Basi neno langu la leo ni hilo moja. Ugomvi wa nguo hauishi mpaka mvaaji aulizwe. Na chombo cha kumwuliza, kisha kulifikisha jibu lake kwa tajiri, ni chama chake cha wafanyakazi. Nitawapa mifano miwili kutoka Uingereza, nchi iliyojidai kutufundisha sisi ustaarabu.

Mfano wa kwanza ni wa mji wa Wolverhampton. Mwezi Agosti 1967 dereva wa basi, Singasinga aitwaye Tarsem Singh Sandhu, alirudi kazini baada ya kuugua. Alirudi na ndevu na kilemba, kama dini yake imwagizavyo. Wakubwa wakamwambia kanuni yataka kofia ya kazi na uso ulionyolewa, wakamrudisha nyumbani. Ndugu zangu, fikirini: katika vita vya 1914 na vya 1939 Masingasinga walipigana katika majeshi ya Mwingereza wakiwa na vilemba vyao, wala hakuna aliyesema kilemba kinazuia bunduki isilie. Leo kilemba kikawa kinazuia basi lisiende!

Waliosimama mbele kumtetea dereva huyo ni jumuiya ya Masingasinga, wala si wakuu wa chama cha wafanyakazi. Jambo la kazi likaondoka mezani likaenda barabarani. Maelfu wakaandamana. Mwezi Aprili 1968 mbunge Enoch Powell akalitia katika hotuba yake ya kuwachochea watu dhidi ya wageni. Mwaka 1969 kiongozi mmoja wa Masingasinga, Sohan Singh Jolly, akatangaza kwamba kama katazo halitaondolewa atajichoma moto mpaka afe. Hapo ndipo kamati ya usafiri ya mji ilipolegea, ikaruhusu kilemba mwezi Aprili 1969. Karibu miaka miwili ilipita, na roho ya mtu ikawekwa rehani, kwa ajili ya jambo ambalo lingeweza kumalizwa kwa mazungumzo ya siku moja. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Mfano wa pili ni wa shirika la ndege la British Airways. Tangu 2012 wanawake walioajiriwa katika kikosi kipya cha wahudumu wa ndege walitakiwa kuvaa sketi. Suruali ilikuwa marufuku, isipokuwa kwa sababu ya ugonjwa au dini. Lakini wenzao wa zamani, kazi ile ile, shirika lile lile, walikuwa na ruhusa ya kuvaa suruali. Safari hii chama cha wafanyakazi, Unite, hakikukaa pembeni. Chama hicho kilizaliwa 2007 kwa kuungana kwa vyama viwili, kimoja kikiwa TGWU, chama kikubwa cha watu wa usafiri. Kilifanya mambo mawili ambayo nataka tuyashike.

Kwanza, kiliwauliza wanachama. Katika kila wanawake 100 walioulizwa, 83 walisema wanaitaka haki ya kuvaa suruali. Pili, kilieleza sababu za kazi yenyewe. Mhudumu leo hushuka penye theluji, kesho penye mbu wa malaria, na miguu iko wazi. Sisi wa huku hatuhitaji kufundishwa maana ya mbu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Meneja aliyeandika kanuni ile hakuwa yeye wa kuvaa sketi. Ubishi ulichukua kama miaka miwili, lakini ulibaki mezani. Mwezi Februari 1996? La, ndugu zangu, si zamani hivyo. Ni Februari 2016 ndipo suruali iliporuhusiwa. Wala mwenye kupenda sketi hakukatazwa sketi yake.

Sasa na sisi tufanyeje? Kanuni ya mavazi ikibandikwa ukutani kazini kwenu, msikimbilie kupiga kelele. Kaeni mwulizane: nguo hii yafanya kazi gani? Zipo nguo ambazo hazina mjadala. Kofia ngumu ya mjenzi, viatu vya fundi wa mitambo, kitambaa cha kichwa cha mpishi, hizo hulinda uhai na afya. Mfanyakazi anayezikataa anajidhuru mwenyewe, na chama kisimtetee katika hilo. Tena tajiri ana haki kutaka mgeni amtambue mhudumu wake. Lakini nguo ambayo haimlindi mtu, haimtambulishi, ila yamdhalilisha au yamtesa, hiyo yataka majibu. Ulizeni pia: nani atainunua, nani ataifua, na mwenye dini yake atafanyaje?

Wakubwa wasiposikia, hapa Tanzania njia ipo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yatupeleka kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na msuluhishi hupewa siku 30, ila pande zote zikikubali kuongeza. Mgomo ni mlango wa mwisho. Kabla ya kuufungua, usuluhishi uwe umeshindikana, kura ipigwe, na tajiri apewe taarifa ya saa 48. Anayeruka hatua hizi humpa tajiri fimbo ya kumpigia.

Nanyi viongozi wa matawi, neno hili ni lenu. Kule Wolverhampton dereva alikuwa mmoja, na dini yake si ya walio wengi. Ni rahisi kusema, "Huyo ni mtu mmoja, tusigombane na wakubwa kwa ajili yake." Mkisema hivyo, huyo mmoja atatafuta watetezi mahali pengine, na siku mtakapoitisha mgomo wa mishahara msishangae mkimkosa. Chama kinachowatetea walio wengi peke yao ni nusu ya chama.

Kesho mkirudi kazini, mwangalieni mwenzenu alivyovaa, mmwulize: "Ndugu, nguo hii yakufaa?" Mwandike jibu lake, mlilete mkutanoni. Kazi yetu yaanza hapo.