Kabla ya Kulaumu Kampuni ya Intaneti

Maneno ya afisa wa mawasiliano wa kaunti kwa wasimamizi wa wadi na wahudumu wa ofisi za kaunti ndogo.



Mimi nilisomea uanahabari, si ufundi wa tarakilishi. Programu ya Wireshark niliijua kwa sababu ya foleni. Katika ofisi moja, ambayo sitaitaja, wananchi waliokuja kulipia vibali vya biashara waliambiwa siku tatu mfululizo kwamba mfumo umekwama. Watu walikuwa wakilipa nauli ya matatu kuja kurudishwa nyumbani. Malalamiko yalikuja kwangu, nami nilikuwa tayari nimeandika taarifa ya kuilaumu kampuni inayotuletea intaneti. Ni bahati kwamba sikuituma.

Fundi wetu wa TEHAMA aliketi kwenye tarakilishi moja iliyokwama, akatumia amri ya ping kuiita ruta ya ofisi. Haikujibu. Akaniambia, "Ikiwa hatuifikii ruta iliyo chumba cha pili, kampuni ya intaneti hatujaifikia hata mlangoni."

Kisha akafungua Wireshark. Ni programu ya bure, aliyoianzisha Gerald Combs mwaka wa 1998 kwa jina Ethereal, na ikapewa jina la sasa mwaka wa 2006. Huonyesha pakiti, yaani vipande vya data vinavyoingia na kutoka, kimoja kimoja: saa, kilikotoka na kinakokwenda. Akachuja kwa neno dhcp, akachomoa kebo na kuirudisha. Tarakilishi ikiunganishwa huomba anwani, na katika ofisi kama ile mgawaji wa anwani anafaa kuwa mmoja. Tuliona majibu mawili, kutoka kwa wagawaji wawili.

Wa pili alikuwa ruta ndogo ya nyumbani, imechomekwa nyuma ya kabati la faili. Mwenzetu aliileta ili simu yake ipate waifai. Hakuwa na nia mbaya. Lakini tarakilishi iliyopata jibu la ruta ile kwanza ilipotea njia, na iliyopata jibu sahihi iliendelea na kazi. Ndiyo sababu meza moja ilihudumia watu na ya jirani ikakwama, na kuzima na kuwasha kulisaidia mara nyingine. Kebo ilichomolewa, na foleni ikasonga kabla ya chakula cha mchana.

Kwa hivyo, tafadhali, usichomeke ruta bila kumjulisha fundi. Na ukiripoti tatizo, taja ni meza gani, tangu saa ngapi, na kama jirani yako anapata mtandao. "Network ni mbaya" hakumsaidii.

Baadhi yenu mmeniuliza kama programu hii inasoma barua zenu. Kwenye tovuti za https, yaliyomo yamefichwa, ingawa jina la tovuti mara nyingi huonekana. Data isiyofichwa husomeka wazi. Sheria ya mwaka wa 2018 kuhusu matumizi mabaya ya kompyuta inaharamisha kunasa data bila idhini, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inalinda taarifa za wananchi tunaowahudumia. Basi aiwashe fundi mwenye ruhusa ya maandishi, na faili alizonasa zisitumwe kwenye WhatsApp. Hilo nalisema kwa sababu ninatujua.

Ruta yenyewe bado iko kwenye droo ya fundi. Mwenyewe anajijua, aende akaichukue.