Njia ya Kutoka Mbweni

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, Mbweni, Dar es Salaam)



Nimepewa robo saa nizungumze juu ya shughuli za jamii kwa ajili ya ndugu zetu wasioona na wenye uoni hafifu. Nitajitahidi nisiizidishe, maana najua harufu ya pilau imekwisha kuwafikia.

Mbele ya mkutano huu liko pendekezo kwamba mfuko wa chama chetu ununue mchele, sukari na fimbo nyeupe, tuvigawe hapa Mbweni tarehe 15 Oktoba, Siku ya Kimataifa ya Fimbo Nyeupe. Aliyelileta ana moyo mwema, na moyo huo siupingi hata kidogo. Ninalouliza ni hili: tarehe 16 Oktoba itakuwaje?

Tutazame kwanza ni huduma gani zilizopo katika mji wetu. Msasani iko hospitali ya CCBRT, shirika lililoanzishwa mwaka 1994, ambako macho hupimwa na kupasuliwa. Ilala iko Shule ya Msingi Uhuru Mchanganyiko, ambako watoto wasioona husoma pamoja na wenzao wanaoona. Temeke, kule Yombo, kiko chuo cha ufundi kwa watu wenye ulemavu. Pugu, shule ambayo wazee wa hapa wanaikumbuka zaidi kwa mabao iliyotufunga, imekuwa ikipokea wavulana wasioona katika sekondari. Na kiko Chama cha Wasioona Tanzania, TLB, kilichoanzishwa mwaka 1964 na kinachoongozwa na wasioona wenyewe.

Kwa hiyo hatuwezi kusema hakuna kitu. Lakini angalieni, ndugu zangu, vitu hivyo viko wapi, na sisi tuko wapi. Mbweni iko pembezoni kabisa mwa Kinondoni. Kwenda Msasani, mtu huchukua bajaji au daladala mpaka Tegeta, basi jingine mpaka Mwenge, na jingine tena baada ya hapo. Kwenda Yombo ni kuukata mji mzima. Kabla ya hayo yote, lazima atoke nyumbani kwake apite njia zetu za mchanga, zenye mashimo ya mvua za masika, na kokoto ambazo jirani anayejenga amezimwaga hadi katikati ya njia. Sisi tunaoona twazunguka kokoto zile bila hata kukatiza mazungumzo. Asiyeona, ambaye jana alipita mahali hapo pakiwa wazi, leo anaanguka.

Na anguko moja hugharimu zaidi ya goti lililochubuka. Nyumbani watasema, "Basi, mama, usitoke tena." Watasema kwa mapenzi, naye atakaa. Mwaka utapita, na wa pili utapita. Kiti kitawekwa uani, na mtaa utazoea kumwona pale.

Sasa nataka tupime jambo zito kidogo. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa kwamba watu wasiopungua bilioni 2.2 duniani wana matatizo ya kuona, na kwamba wasiopungua bilioni 1 kati yao tatizo lao lingeweza kuzuiwa, au bado halijapatiwa matibabu. Moja miongoni mwa matatizo hayo ni mtoto wa jicho. Ugonjwa huu huifanya lenzi ya jicho iwe na ukungu, na dawa yake ni upasuaji: daktari huondoa lenzi iliyochakaa na kuweka ya bandia. Aghalabu kazi hiyo haimalizi saa moja. Presha ya macho ni tofauti. Huila nuru polepole kutoka pembeni, na nuru iliyokwisha kuliwa hairudi. Kwa hiyo anayewahi kupimwa huokoa kile kilichobaki.

Maana yake ni nini kwetu hapa? Maana yake ni kwamba tarehe 15 Oktoba tunaweza kumkabidhi bibi kizee kilo mbili za sukari na fimbo nyeupe, tukapiga picha naye, kumbe alichohitaji ni mtu wa kumshika mkono mpaka Msasani. Tutakuwa tumempa fimbo ya kuishi na giza ambalo lingeondolewa. Hilo ndilo linaloninyima usingizi juu ya pendekezo letu.

Hata kwa yule ambaye nuru yake haitarudi, fimbo peke yake haitoshi. Fimbo nyeupe ina kipimo chake: kwa kawaida husimama kufikia kifua cha mwenye kuitumia. Ina na mwendo wake: ncha hutangulia kugusa mahali ambapo mguu unaofuata utakanyaga, kushoto na kulia, hatua kwa hatua. Hayo hufundishwa kwa siku nyingi, na hufundishwa katika njia zile zile ambazo mtu atazipita kila siku. Kugawa fimbo 30 za urefu mmoja bila mwalimu ni sawa na kugawa viatu vya namba moja kwa kijiji kizima.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, naomba mkutano uligeuze pendekezo. Fedha zile zile zifanye kazi ya mwaka mzima, na kazi yenyewe iwe kumsaidia mtu wa Mbweni afike zilipo huduma. Natoa mambo manne.

La kwanza ni usindikizaji. Tuwe na orodha ya zamu, ili mwenye kwenda kupimwa macho, au kwenda TLB, au kumpeleka mtoto shule, apate mwenzi wa safari na nauli. Vijana, jifunzeni namna ya kumwongoza asiyeona. Usimkamate bega ukamsukuma mbele kama mkokoteni. Mwamkie, ujitaje jina, umwulize kama anahitaji msaada. Akikubali, mpe kiwiko chako. Yeye atakishika kwa juu kidogo na kutembea nusu hatua nyuma yako. Mkifika kwenye ngazi, mwambie kama inapanda au inashuka. Na ukiondoka, muage, asibaki akizungumza na hewa.

La pili ni usomaji. Maandishi ya nukta nundu yalitungwa na Louis Braille, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1809 na kupofuka utotoni baada ya kujichoma jicho kwa chombo cha kutobolea ngozi katika karakana ya baba yake. Aliyabuni akiwa mwanafunzi wa miaka 15, rika la kidato cha pili au cha tatu, na yakachapishwa mwaka 1829. Nukta 6 tu, zikipangwa kwa namna mbalimbali, hutoa alama 63. Lakini kitabu kimoja cha kawaida kikiandikwa kwa nukta nundu hujaza majuzuu kadhaa manene, na upatikanaji wake ni wa shida. Hapa ndipo mwanafunzi mwenye simu anaweza kufanya kazi ya maana: asome sura nzima kwa sauti safi, airekodi, ampelekee mwenzake asiyeona. Nusu saa kwa juma yatosha. Mtakuta pia kwamba sura uliyomsomea mwingine huisahau siku ya mtihani.

La tatu ni michezo. Uko mchezo uitwao goliboli, ulioanzishwa mwaka 1946 kwa ajili ya askari waliopofuka katika Vita Kuu ya Pili. Timu ina wachezaji 3, uwanja una urefu wa mita 18 na upana wa mita 9, na mpira wa kilo 1 na robo una njuga ndani. Wachezaji wote hufungwa macho, na mistari huwekwa kamba chini ya utepe ili iguswe kwa kidole. Watazamaji hunyamaza mpira ukiwa mchezoni, jambo ambalo nakiri litakuwa gumu kwa shule hii. Kila Jumamosi vijana wasioona wa Mbweni na wanafunzi wetu wacheze pamoja. Nadhani wiki chache za mwanzo tutafungwa sana, na itatufaa.

La nne linawahusu ninyi wenye kampuni na maofisi. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 yamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na watu wenye ulemavu wasiopungua asilimia 3. Nasi tumekwisha kuona kazi zao: Ndugu Amon Mpanju, mwanasheria asiyeona, alikuwa mjumbe wa Bunge Maalumu la Katiba mwaka 2014, na baadaye akawa Naibu Katibu Mkuu wa Wizara ya Katiba na Sheria. Basi kila mmoja wetu, Jumatatu akifika kazini, ahesabu. Hali kadhalika, sehemu ya mapato ya halmashauri hutengwa kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 2 ni kwa vikundi vya watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na ikarejeshwa mwaka 2024. Kati yetu wamo wahasibu. Wawasaidie wenye kutaka kujaza fomu.

Wako watakaosema, "Sisi si wataalamu." Ni kweli, na hatuombwi kupasua macho ya mtu. Wataalamu wapo Msasani. Tunachoombwa ni kufika nao huko. Wengine watasema zamu zitaanza kwa kishindo na kufa kabla ya Krismasi. Hofu hiyo ni ya haki, kwa kuwa mtu aliyeahidiwa mwenzi wa safari akakaa kibarazani na viatu mguuni mpaka adhuhuri hatatuamini tena. Ndiyo maana naomba tuanze na kidogo tutakachokiweza: Jumamosi moja kwa mwezi, wasindikizaji 10. Na katika kamati itakayosimamia, wasioona wa hapa Mbweni wawe wajumbe kamili wenye kura, tangu kikao cha kwanza. Wao ndio wanaojua kokoto ziko wapi.

Ndugu Mwenyekiti, karatasi ya zamu iko pale mezani kando ya daftari la mahudhurio. Ina mistari 10, na kalamu ipo. Naomba ijae kabla ya pilau.