Majina Tuliyoyapata Katika Daftari la Ndoa
Hotuba ya kamati ya historia ya kwaya, siku ya jubilii

 

Tulipewa kazi ya kuandika orodha ya waimbaji wa kwanza wa kwaya hii. Miaka 50 si mingi, na baadhi yao tunao hapa leo. Lakini wakati ule hakuna aliyeandika orodha. Tulipowauliza wazee, walitutajia wanaume kwa majina yote matatu. Wanawake walikuwa "Mama Mutua", "mke wa mwalimu", "yule wa alto aliyeolewa Kangundo". Kwaya iliyojengwa na akina mama, na majina yao hayajulikani!

Ndipo mchungaji akatufungulia kabati la ofisi, akatutolea madaftari ya ndoa.

Kila ndoa imeandikwa tarehe, majina ya maarusi, umri, kazi, makao, majina ya baba zao, mashahidi na aliyeifungisha. Humo Mama Mutua bado ni binti wa baba yake, mwenye jina la ubatizo na jina la Kikamba alilopewa nyumbani. Lakini hazina kubwa zaidi iko chini ya ukurasa, kwa mashahidi. Wanakwaya walisimamiana harusi. Msichana anatia sahihi kama shahidi, mwaka unaofuata yeye ndiye bibi arusi, na shahidi wake ni mwimbaji mwingine. Kwa kufuata mashahidi tumewatambua wengi wa wanawake walio katika picha ya jalada. Wengine waliweka kidole gumba tu, na hiyo pia ni sahihi.

Safu ya kazi na makao nayo inasema mengi kuhusu Ukambani. Machakos ilikuwa kituo cha serikali kabla ya Nairobi, lakini reli ilipita mbali nasi, na mwaka 1899 makao ya utawala wa mkoa yakahamishiwa Nairobi. Ukisoma daftari unaona vijana wetu walivyoyafuata: askari, polisi, karani, mtu wa reli. Bwana arusi anaishi Nairobi, bibi arusi analima kijijini.

Na karatasi ile haikuwa pambo. Sheria ya 1931 ya ndoa za Waafrika Wakristo ilisema kwamba mwanamke aliyefunga ndoa hiyo, akifiwa na mume, halazimishwi kuishi na shemeji wala jamaa mwingine wa marehemu. Basi nyanya aliyefunga cheti chake kwenye leso na kukificha chini ya sanduku alijua anachokifanya.

Hata hivyo daftari halina kila mtu. Wako waliotolewa mbuzi wa ntheo, wakaolewa kwa mila ya Wakamba mbele ya koo mbili, na hawakuja madhabahuni. Wako wake wa pili. Kusema kwamba hawakuolewa ni kuwakosea. Sheria ya Ndoa ya 2014 inataka ndoa za kimila nazo ziandikishwe, lakini nyanya hao walitangulia. Katika picha, mama aliyeshika kayamba bado hatujampata, na tunashuku ni mmoja wao. Huyo atajulikana kwa mdomo wa mtu anayemkumbuka.

Kwa mtakaotafuta za kwenu, someni majina kwa sauti, kwa maana karani aliandika alivyosikia: Kyalo utamkuta Chalo, Nthenya utamkuta Thenya. Msiamini sana umri, kwa kuwa wazee walihesabu kwa njaa. Aliyezaliwa wakati wa Ngomanisye, ile njaa kuu ya 1898 na 1899, alikadiriwa tu. Mkiona "Machakos" msidhani ni kaunti ya leo: Makueni ilitengwa kuwa wilaya mwaka 1992, kwa hiyo watu wa Mbooni na Kilungu wamo humo humo. Na kama mchwa walikula daftari la kanisa lenu, nakala za ndoa za kanisani hupelekwa kwa Msajili wa Ndoa kule Nairobi. Huko mtauliza mkiwa na majina na tarehe, hata ya kukisia.

Leo baada ya chakula tutakuwa na meza karibu na mlango wa ofisi. Mwenye cheti cha mzazi au cha nyanya akilete. Tutakipiga picha na kumrudishia pale pale. Tafadhali msikitie gundi wala utepe. Na wale mlioimba miaka ile, njoni muone picha kubwa tuliyoitundika. Kalamu iko, andikeni majina mnayoyakumbuka, na kama mama wa kayamba ni wa kwenu, tuambieni aliitwa nani.