Picha za Kubandika na Unga wa Rangi

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa wanachama wa kazi ya chapa)



Wengi wenu mmekula katika sahani yenye maua, tena mmewaona watoto wakijibandika picha ya simba mkononi kwa kitambaa cha maji. Kazi zote mbili ni za mpiga chapa. Nimeombwa nieleze zinavyofanyika.

Kwanza ile ya sahani. Karatasi hupakwa gundi inayoyeyuka majini, kama ya wanga, au ile ya mgunga inayotoka Sudani na hata kwetu Turkana. Juu yake huchapwa picha, kila rangi kwa wavu wake, na karatasi hukauka kabla ya kupokea rangi nyingine. Maua ya rangi sita ni karatasi moja kupita mezani mara sita. Ikisogea kidogo tu, jani hutoka nje ya mstari wake. Mwisho hufunikwa kwa vanishi. Fundi wa vyombo akiitia majini, gundi huachia, na picha yote huteleza ikiwa kama ngozi moja nyembamba. Akiisha kuilaza juu ya sahani huisukuma kwa kipande cha mpira mpaka maji yote yatoke, maana povu likibaki chini litapasuka motoni na kuacha tundu. Tanuru hufika digrii 800 hivi za Selsiasi. Vanishi huungua ikapotea, rangi ikashikamana na sahani.

Ile ya mwilini huchapwa kinyume, kama inavyoonekana katika kioo, na gundi huwekwa juu ya rangi, kwa sababu hulazwa kifudifudi na kulowanishwa kwa mgongoni. Wino wake sharti uwe wa kufaa ngozi. (Msiifananishe na piko ya dawa nyeusi ya nywele, ambayo imewaunguza watu.)

Sasa nije kwenye neno lililonileta. Wino wa sahani si wino wa gazeti. Ni unga wa madini na kioo, na kwa miaka mingi kioo hicho kilitiwa risasi ili kiyeyuke upesi. Zamani huko Staffordshire, Uingereza, mashine ilichapa vanishi tu, kisha wanawake na wasichana wakapaka unga mkavu juu yake. Unga uliruka, wakauvuta. Risasi husokota tumbo, hulegeza viganja, huharibu mimba, huua. Mwaka 1898 Serikali ya huko iliwatuma Thorpe na Oliver wachunguze sumu hiyo katika viwanda vya vyombo. Lakini risasi mbichi katika utando wa vyombo haikukatazwa mpaka kanuni za mwaka 1947. Hesabuni wenyewe miaka hiyo.

Basi kopo jipya likiingia kazini, ulizeni lina nini ndani. Sheria yetu ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yataka penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama, na kemikali ziwe na karatasi ya maelezo. Karatasi hiyo ikifungiwa ofisini, mjumbe wetu aidai. Unga usifagiwe mkavu. Ufutwe kwa kitambaa cha maji. Chai isinywewe penye meza ya wino, hata kama chumba cha chai kiko mbali. Nguo za kazi zisipelekwe nyumbani penye watoto.

Hapa mezani nimeweka karatasi chache na bakuli la maji. Anayetaka kujaribu aje mbele, kisha tutapokea maswali.