KABLA YA KUNUNUA KINU
(Maneno waliyoambiwa wanachama, Matisi, Kitale)



Wengi wetu wa reli hapa Matisi twataka kuunganisha akiba zetu tununue kinu cha kusaga mahindi. Nia ni njema. Lakini kabla ya kuuliza bei ya kinu, na tuulizane: deni likija, nani atalipa?

Mtu akifanya biashara peke yake, hata akiandikisha jina la biashara, deni ni lake mwenyewe. Tukiwa washirika wa kawaida, kila mmoja wetu aweza kudaiwa deni lote. Mwenzetu akikimbia, ng'ombe wetu ndio watakaofuatwa.

Kampuni ya hisa ni kama mtu mwingine mbele ya sheria. Ikishindwa kulipa, mwenye hisa hupoteza fedha za hisa zake tu. Tangu Sheria ya Makampuni ya 2015, hata mtu mmoja aweza kuianzisha. Lakini ukitia sahihi kudhamini mkopo wake, umejifunga tena.

Chama cha ushirika nacho, sheria ya 1997 ilikitaka kiwe na watu wasiopungua 10, na kila mmoja kura moja.

Basi tuandike kwanza: nani ametoa shilingi ngapi, nani atashika fedha, faida itagawanywaje, na mwenzetu akitoka au akifa, fungu lake litakwenda kwa nani. Kisha tuandikishe, tukate leseni ya kaunti. Gari haliachi stesheni kabla ya kupewa njia, na mali bila daftari huisha bila habari.