Kujitayarisha kwa Dhoruba na Kumtegemea Mwenyezi Mungu

Enyi Waislamu! Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake (S.A.W.), nakuusieni, pamoja na nafsi yangu, kumcha Yeye.

Wako wanaodai kuwa pwani yetu haijui vimbunga. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja. Merikebu na majahazi yakaangamia bandarini, mikarafuu ikang'oka shamba baada ya shamba. Miaka 80 baadaye, Aprili 1952, kingine kikaipiga Lindi. Na Mei 2024 Hidaya kilifika Mafia, na mvua zake zikaikata barabara kuu ya kusini.

Hidaya kilitangazwa kabla ya kufika. Lakini husikika mtu akisema, "Lililoandikwa limeandikwa," akabaki bondeni na watoto wake. Sayyidna Umar (R.A.), akiwa njiani kwenda Sham, alipata habari ya tauni, akawarudisha watu. Abu Ubayda akamuuliza kama anaikimbia kadari. Umar akampigia mfano wa mchunga ngamia aliyeshuka bonde lenye upande wa rutuba na upande mkavu: popote atakapolisha, amelisha kwa kadari ya Mungu. Basi na mwenye kuhama bonde kabla ya mafuriko hakuikimbia kadari.

Mwenye nyumba na aangalie sasa, jua lingali linawaka. Mabati yaliyolegea yapigiliwe. Tawi la mwembe lililoinamia paa likatwe. Maji ya kunywa yawekwe katika madumu yenye vifuniko, kwani kisima kilichoingiwa na mafuriko huleta kipindupindu. Tende, unga, dawa, tochi na redio ya betri viwe mahali pamoja. Vyeti na hati vifungwe ndani ya nailoni. Maji yapitayo juu ya barabara yasivukwe, hata yakionekana machache.

Na yule bibi kizee jirani asiye na mtu, nani atambeba? Usiku wa dhoruba kila mmoja atashughulika na wanawe. Afadhali leo, baada ya sala, watu wa kila mtaa wakubaliane nani atamchukua nani.

Wala msione vibaya kuikosa Ijumaa siku hiyo. Ibn Abbas (R.A.), Ijumaa moja ya mvua na matope, alimwamuru mwadhini awatangazie watu wasali majumbani mwao. Walipostaajabu, akawajulisha kuwa aliye bora kuliko yeye, yaani Mtume (S.A.W.), alifanya hivyo.

Ewe Mola wetu, zihifadhi nyumba zetu, warudishe salama wavuvi walioko baharini, na uijaalie mvua yetu iwe ya rehema. Amin.